Mto Mmoja, Mamlaka Nyingi: Safari ya Msimbazi kutoka Pugu hadi Salenda

Mto Msimbazi hauanzi kwa kishindo. Ukitoka Gongo la Mboto kuelekea Kisarawe, ukaiacha nyuma stesheni ya Pugu na kupanda vilima vilivyobakiwa na msitu, utakutana na vijito ambavyo mtoto wa madrasa huvivuka kwa hatua moja bila kuvua kandambili. Maji ni machache, mengine yamejificha chini ya majani, na udongo wa kando yake ni mchanga mtupu unaomomonyoka kwa kuguswa. Msitu wa Pugu, pamoja na ndugu yake wa Kazimzumbwi, ni mabaki ya misitu ya pwani iliyokuwa imetanda eneo kubwa kabla jiji halijanenepa. Mizizi yake ndiyo inayoshika mchanga na kuyapokea maji ya mvua kidogo kidogo. Panapokatwa mti kwa ajili ya mkaa, maji hayapunguzi idadi yake, bali hubadili mwendo tu. Yaliyokuwa yanashuka kwa siku tatu hushuka kwa saa tatu.

Kutoka hapa hadi baharini, kwenye Daraja la Salenda, ni safari ya takribani kilomita 35. Tuliamua kuifuata njia hiyo kwa vipande, mara kwa daladala, mara kwa bodaboda, na mara nyingi kwa miguu, kwa sababu kila msimu wa masika mto huu husikika katika taarifa za habari kwa jina la Jangwani peke yake. Msikilizaji aliyeko Tabora au Lindi hudhani kwamba mafuriko ya Dar es Salaam ni jambo la sehemu moja yenye daraja na mabasi yaliyokwama, ilhali Jangwani ni mahali hesabu inapolipwa tu. Deni lenyewe hukopwa juu.

Kabla hatujateremka, yafaa msomaji ajue jambo moja ambalo halionekani kwa macho ukiwa kando ya mto. Chemchemi hizi ziko katika Wilaya ya Kisarawe, ambayo ni ya Mkoa wa Pwani. Hatua chache chini yake mto unaingia Mkoa wa Dar es Salaam, katika eneo la Halmashauri ya Jiji, yaani iliyokuwa Manispaa ya Ilala. Matawi yake mengine huteremka kutoka Ubungo na Kinondoni. Maji yenyewe, kama rasilimali, yako chini ya Bodi ya Maji ya Bonde la Wami/Ruvu, yenye makao yake Morogoro. Usafi wa mazingira husimamiwa na Baraza la Taifa la Hifadhi na Usimamizi wa Mazingira, NEMC. Majitaka ni kazi ya DAWASA. Mitaro ya barabara za mitaa iko mikononi mwa TARURA tangu wakala huo ulipoanzishwa 2017, na mitaro ya barabara kuu ni ya TANROADS. Takataka ni za halmashauri. Tahadhari ya mvua hutolewa na Mamlaka ya Hali ya Hewa. Na mwisho wa orodha hii ndefu yupo mwenyekiti wa serikali ya mtaa, aliyechaguliwa na majirani zake, ambaye usiku wa mvua ndiye anayegongewa mlango.

Tuteremke sasa.

Kuanzia Kinyerezi na Segerea mto unaanza kupata upana, na hapo ndipo biashara ya mchanga inapoonekana. Vijana huchota mchanga kutoka kwenye kitanda cha mto kwa makoleo, wakaurundika kandoni, kisha magari huja kuuchukua kwenda kujenga nyumba za walio mbali na mto. Ni kazi ngumu na ni riziki, wala hatukuwaona wale vijana kuwa wahalifu. Lakini mto ulionyang'anywa mchanga hula kingo zake ili ujaze pengo. Tuliona nyumba zilizobaki nusu, chumba kimoja kina ukuta na cha pili kiko wazi kwa upepo, mlango umebaki unafunguka kuelekea korongo. Mama mmoja wa makamo, aliyekuwa akianika nguo kwenye kamba iliyofungwa nguzoni upande wa korongo, alituambia kwamba alipohamia hapo mto ulikuwa mbali kiasi cha kiwanja cha mpira. Sasa anausikia akiwa kitandani.

Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004, kifungu cha 57, inakataza shughuli za kudumu za kibinadamu ndani ya mita 60 kutoka kingo za mto, ziwa au bahari. Watu wengi husema sheria hii ni ya kizungu, imeletwa kuwaonea maskini. Msomaji wa vitabu vya fiqhi atatabasamu kidogo. Wanachuoni wetu waliandika karne nyingi zilizopita kuhusu harimu ya kisima na harimu ya mto, yaani ukanda ulio kando ya maji ambao hauwi mali ya mtu kwa kuujenga, kwa kuwa ni haki ya maji yenyewe na ya wote wanaoyahitaji. Walitofautiana katika vipimo, hawakutofautiana katika asili ya hukumu. Tatizo la mita 60 za Msimbazi si kwamba ni ngeni. Tatizo ni kwamba mto unaokula kingo zake husogea, na mita 60 zikasogea pamoja nao. Aliyejenga kwa halali mwaka ule anaamka mwaka huu amekuwa mvunja sheria bila kunyanyuka alipolala.

Tabata ina kisa chake, na ni kisa ambacho kizazi cha sasa hakikijui. Kwa miaka mingi dampo kuu la jiji lilikuwa hapo, likifuka moshi mchana na usiku. Wakazi wakachoka. Mwaka 1988 waliifungulia Halmashauri ya Jiji kesi katika Mahakama Kuu, na mahakama ikaamuru umwagaji wa taka ukome. Halmashauri haikubisha kwamba moshi unaumiza watu. Iliomba muda, ikapewa, ikaomba tena. Mwaka 1991 Jaji Lugakingira alikataa kuiongezea muda, akashangazwa na mamlaka ya umma inayokuja mahakamani kuomba ruhusa ya kuendelea kuwadhuru watu wake, na akaiunganisha hoja hiyo na ibara ya 14 ya Katiba inayotamka haki ya kuishi. Wanasheria wa mazingira huitaja hukumu hiyo hadi leo.

Wasichokitaja mara nyingi ni kilichofuata. Jiji lilihamishia taka Kunduchi Mtongani, na wakazi wa huko nao wakaenda mahakamani mwaka huohuo wa 1991, nao wakashinda. Taka zikaletwa Vingunguti, kwenye bonde la mto huuhuu, hadi 2001. Kisha zikapelekwa Mtoni, Temeke. Baadaye zikapelekwa Pugu Kinyamwezi, ambako ziko mpaka sasa. Angalia ramani, ndugu msomaji. Katika miaka ishirini hivi taka za jiji zilizunguka na kuishia karibu na vilima ambako mto unaanzia. Kila waliposhinda watu wa mtaa mmoja, walioshindwa walikuwa watu wa mtaa mwingine ambao hawakuwa mahakamani.

Hapo linakuja swali la huduma yenyewe ya kuzoa taka, nalo tulilikuta kila tulipopita. Halmashauri huwapa kazi makandarasi na vikundi, nao hukusanya ada kutoka nyumba kwa nyumba. Katika mitaa yenye barabara, gari hufika. Katika mitaa ya bondeni, gari haliwezi kuingia, hivyo hutegemewa toroli au kijana mwenye guta. Kaya inayolipa ada lakini gari lisije kwa wiki mbili hukabiliwa na viroba vinavyonuka uani, watoto wakiwa hapo hapo. Mto uko hatua ishirini. Mvua ikianza kunyesha usiku, viroba husukumwa majini. Asubuhi uani ni safi, na kalvati la Kigogo limeziba.

Vingunguti ni mahali ambapo msafiri mwenye haraka atataka kupapita. Sisi tulikaa. Hapa pana machinjio makubwa ya ng'ombe, yaliyojengwa upya kwa namna ya kisasa baada ya miaka mingi ya damu na kinyesi kutiririka bondeni. Pana mabwawa ya kutibu majitaka. Pana viwanda upande wa barabara. Na katikati ya hivyo vyote wanaishi maelfu ya watu katika nyumba zilizobanana, misikiti midogo yenye saruji isiyopakwa rangi, madrasa zilizojaa sauti za watoto, na mashamba ya mchicha yanayomwagiliwa kwa maji ya mto. Watafiti wa vyuo vyetu wamepima mboga za bonde hili kwa nyakati mbalimbali na kukuta madini mazito yasiyotakiwa mwilini. Mchicha huo hauliwi Vingunguti peke yake. Unapelekwa sokoni, na sokoni mchicha hauna anwani.

Lipo neno ambalo mtu aliyelelewa uswahilini hahitaji kufafanuliwa: kutapisha choo. Shimo likijaa, na gari la kunyonya haliwezi kufika au bei yake ni kubwa, mwenye nyumba husubiri mvua kubwa, akatoboa upande wa shimo ulioelekea bondeni, na uchafu ukaondoka na maji. Hufanywa usiku, na kila mmoja anajua jirani yake amefanya nini. Mtume (S.A.W.) aliwatahadharisha umma wake na mambo matatu yanayomletea mtu laana, na mojawapo ni kujisaidia katika njia za maji wanayoyatumia watu. Khatibu anaweza kuisoma hadithi hiyo kila Ijumaa ya masika, na inafaa aisome. Lakini shimo litaendelea kujaa. Mtu mwenye familia ya watu tisa, choo kimoja, na uchochoro usiopitisha hata mkokoteni, hakosi elimu ya laana. Anakosa pa kupeleka.

Ndiyo maana jambo dogo tulilolikuta Vingunguti lina thamani kuliko hotuba nyingi. Katika baadhi ya mitaa, wakazi wakisaidiwa na mashirika ya kijamii na mamlaka ya maji waliweka mtandao uliorahisishwa wa majitaka: mabomba membamba, yaliyozikwa kina kifupi, yanayopita nyuma ya nyumba mahali ambapo gari haliwezi kufika, na kuteremsha uchafu hadi kwenye mabwawa ya kutibia ambayo yalikuwa hapo hapo jirani miaka yote. Kaya huchangia na hulipa kidogo kidogo. Nyumba iliyounganishwa haina sababu ya kutapisha. Ukisimama katika uchochoro mmoja wenye mabomba, kisha ukaingia ule wa pili usio nayo, hutahitaji kuambiwa wapi umevuka mpaka. Pua itakuambia.

Na hapa niseme neno kwa akina mama, kwa kuwa ukurasa huu ni wenu pia. Katika bonde hili visima vifupi ni vingi, na maji yake hutumika kwa kufulia, kutawadha, na nyakati za shida, kwa kupikia. Tumefundishwa kwamba maji yakibadilika rangi, ladha au harufu kwa najisi hayafai kwa tohara. Kanuni hiyo ni sahihi kwa lile lililokusudiwa. Lakini vimelea vya kipindupindu havina rangi wala harufu. Maji yanaweza kumtosha mtu kwa udhu na yakamuua mtoto wake kwa kunywa. Kipindupindu kilipozuka Dar es Salaam mwezi Agosti 2015 kilienea hadi mikoa mingi ya nchi, na maelfu ya watu waliugua. Yachemsheni maji ya kunywa, hata yakiwa meupe kama ya mvua.

Kipindupindu, kwa hakika, kina nafasi yake katika historia ya serikali zetu za mitaa. Mwaka 1972, katika mpango wa Madaraka Mikoani, halmashauri zilifutwa na kazi zake zikapelekwa kwa watumishi wa serikali kuu mikoani na wilayani. Nia ilikuwa kusogeza maendeleo kwa wananchi. Mijini matokeo yalikuwa mengine: taka hazikuzolewa, mifereji haikuzibuliwa, mabomba hayakutengenezwa, na mwishoni mwa miaka hiyo ya sabini kipindupindu kikapita mijini. Mwaka 1978 halmashauri za miji zikarudishwa, na 1982 zikatungiwa sheria zinazotumika hadi leo. Nchi ilijifunza, kwa gharama ya makaburi, kwamba mfereji wa mtaani hauwezi kusimamiwa kutoka mbali.

Dar es Salaam ilipitia mtikisiko mwingine. Halmashauri ya Jiji ilivunjwa 1996, ikakaa Tume, na 2000 zikazaliwa manispaa tatu za Ilala, Kinondoni na Temeke, juu yake pakiwa na Halmashauri ya Jiji ya kuziunganisha. Baadaye zikaongezeka Ubungo na Kigamboni. Mwezi Februari 2021 Halmashauri ya Jiji ilivunjwa tena, na Ilala ikapandishwa hadhi kuwa jiji. Wengi waliona ile halmashauri ya juu kuwa ni mzigo wa posho usio na kazi, na huenda walikuwa na hoja. Hata hivyo mto hauvunjwi kwa tangazo. Ukingo wa kulia wa Msimbazi pale Jangwani ni wa jiji, na ukingo wa kushoto ni wa Kinondoni. Kingo mbili za maji yale yale zina mabaraza mawili ya madiwani, bajeti mbili, na makandarasi wawili wa taka.

Kigogo tulifika kabla ya Adhuhuri. Bonde limepanuka, na nyumba zimejipanga kwa ngazi, za juu zina mabati mapya na za chini zina alama za maji ukutani, kila mwaka na mstari wake. Baada ya swala tulikaa barazani na wazee watatu wa msikiti. Walituonesha mstari wa Disemba 2011. Ulikuwa juu ya kimo cha mtu. Mvua ya siku zile, kwa maelezo ya Mamlaka ya Hali ya Hewa, haikuwa imeonekana jijini tangu 1954, na zaidi ya watu 40 walipoteza maisha. Inna lillahi wa inna ilayhi raji'un. Msikiti wao, uliokuwa juu kidogo, ulilaza familia kwa siku kadhaa, wanawake na watoto ndani, wanaume nje. Majamvi yalikuja kutupwa yote.

Tuliwauliza kuhusu mwenyekiti wa mtaa. Hawakumlaumu. Walisema yeye ndiye aliyepita na kipaza sauti, yeye ndiye aliyeandika majina, yeye ndiye aliyeomba turubai. Lakini walieleza pia asichoweza. Hana mfuko wa dharura. Akiona kalvati limeziba hawezi kuamuru lizibuliwe, bali huandika barua kwa mtendaji wa kata, na barua hupanda ngazi mpaka kwa mwenye kalvati, ambaye yuko ofisi nyingine kabisa. Akimkuta mtu anajenga bondeni, anaweza kumkataza kwa mdomo. Na mara nyingine, wazee walisema kwa kucheka kidogo, hamkatazi, kwa kuwa huyo ni mpiga kura.

Katika dola za Kiislamu za zamani palikuwa na mtu aliyeitwa muhtasibu. Al-Mawardi, aliyefariki mwaka 450 Hijria, alimwandikia mlango mzima katika kitabu chake cha hukumu za utawala. Wengi wetu tunamjua muhtasibu kama mkaguzi wa mizani sokoni. Lakini katika kazi zake zimo pia maji ya mji yakikatika, ukuta ukibomoka, njia zikizibwa: huamuru yatengenezwe kwa mali ya hazina, na hazina ikiwa tupu, wenye uwezo miongoni mwa wakazi huhimizwa kubeba. Tukiacha tofauti za zama, kilichonivutia hapo ni kwamba mwenye kuona tatizo na mwenye amri ya kulitatua alikuwa mtu mmoja. Sisi tumewatenganisha. Mwenyekiti anaona, na amri iko kwingine. Tukitaka kujua kwa nini kalvati la mtaa huzibuliwa baada ya mafuriko na si kabla, jibu limo humo zaidi kuliko katika wingi wa mvua.

Wala si haki kusema hakuna linalofanyika. Kuanzia 2015, katika mradi wa Ramani Huria, wanafunzi wa Chuo Kikuu Ardhi na vijana wa mitaa walitembea uchochoro kwa uchochoro wakichora ramani ya nyumba, mitaro na mahali maji yanapofika. Kwa mara ya kwanza mitaa mingi ya bondeni ilionekana kwenye karatasi. Mto Ng'ombe, unaopita Kinondoni na kuungana na Msimbazi, umejengewa kingo imara katika sehemu yake kubwa. Tulisimama juu yake karibu na Hananasif na tukakiri kwamba kazi ni nzuri. Kijana mmoja aliyekuwa akiosha pikipiki yake alikuwa na hoja ya pili: maji sasa yanapita kwao haraka, na yanafika kwa wenzao wa chini haraka zaidi.

Maneno yake yalitukumbusha mfano alioupiga Mtume (S.A.W.), uliopokewa na Nu'man bin Bashir na kuhifadhiwa na Imam Bukhari, wa watu waliopanda jahazi moja. Wa chini walikuwa wakisumbuka kupanda juu kuteka maji, wakaona ni wepesi zaidi kutoboa tundu kwenye sehemu yao. Wa juu wakiwaacha, wataangamia wote. Mara nyingi mfano huu hutolewa kuwakemea wa chini. Katika Msimbazi inafaa usomwe kwa pande zote mbili. Wanaotapisha vyoo na kutupa viroba wanatoboa. Lakini waliokata msitu Pugu, waliochukua mchanga Segerea, waliosakafia ua mzima wa nyumba zao za ghorofa hata tone lisizame ardhini, nao wana misumari mikononi, ingawa wamekaa ghorofa ya juu.

Jangwani, hatimaye. Mpango Mkuu wa Jiji wa 1979 ulikwisha kulitaja bonde hili kuwa eneo la hatari lisilofaa kwa makazi. Hata hivyo watu walijenga, wengine kwa leseni za makazi, wengine wakiletewa umeme, maji na hati za kodi ya majengo na mamlaka zile zile. Baada ya 2011 serikali iliwapeleka waathirika wengi Mabwepande, takribani kilomita 30 kaskazini mwa katikati ya jiji, ikawapa viwanja. Kwa mwenye ajira ya kudumu ilikuwa fursa. Kwa mama anayeuza vitumbua alfajiri Kariakoo, na baba anayebeba mizigo sokoni, nauli ya kwenda na kurudi ilikuwa inakula faida ya siku. Baadhi waliuza viwanja wakarudi bondeni. Mwisho wa 2015 alama nyekundu za X ziliandikwa kwenye kuta, na mabuldoza yakaingia. Baadhi ya wakazi walikwenda mahakamani na kupata zuio. Na mwaka 2016, katika bonde lile lile ambalo wakazi waliambiwa si mahali pa kujenga, yalianza kulala mabasi ya mwendokasi, katika karakana iliyojengwa kwa fedha za umma. Karakana hiyo imefurika mara kadhaa. Sijui namna ya kumweleza jambo hili mtu aliyebomolewa nyumba yake.

Mafuriko ya Aprili 2018, kwa makadirio ya Benki ya Dunia, yaliligharimu jiji zaidi ya dola milioni 100. Mwaka huo zilifanyika mashauriano marefu yaliyowakutanisha wataalamu, mamlaka zote tulizozitaja na wawakilishi wa wakazi, yakiongozwa na TAMISEMI. Matokeo yake ni Mradi wa Uendelezaji wa Bonde la Msimbazi, ambao Benki ya Dunia iliuidhinishia mkopo wa dola milioni 200 mwezi Septemba 2022, na nchi za Uholanzi na Uhispania zikachangia. Unakusudia kupanua na kuimarisha njia ya mto, kujenga daraja refu na la juu zaidi Jangwani, kuhamisha karakana ya mabasi, na kuligeuza bonde la chini kuwa bustani ya jiji inayoruhusiwa kufurika bila kuua. Nyumba nyingi za Suna na Jangwani zimekwisha kubomolewa na wenyewe kulipwa. Tulitembea juu ya vifusi. Sakafu za vyumba bado zinaonekana, moja ina vigae vya bluu, nyingine ina alama ya mahali pipa la maji liliposimama.

Malalamiko tuliyoyasikia si kwamba mradi ni mbaya. Ni kuhusu ardhi: nyumba huthaminiwa kwa matofali yake, lakini kiwanja kilichotangazwa kuwa cha hatari huhesabiwa kama hakina thamani, na fedha ya matofali ya zamani hainunui kiwanja popote karibu na mji. Imepokewa kwamba Umar bin al-Khattab (R.A.) alipotaka kuupanua Msikiti wa Mtume, nyumba ya Abbas (R.A.) ilikuwa njiani. Abbas akakataa kuitoa. Khalifa hakuituma nguvu, walikwenda kwa Ubayy bin Ka'ab kuhukumiwa, na hukumu ikamwangukia khalifa. Ilipokwisha thibiti kwamba hawezi kunyang'anywa, Abbas aliitoa nyumba yake bure kwa Waislamu. Maofisa wa tathmini wana vitabu vyao vya kanuni na hatuwezi kuwataka wahukumu kwa kisa. Lakini mtu anayesikilizwa kwanza hutoka na moyo tofauti na anayeandikiwa X akiwa kazini.

Kutoka Jangwani mto unapita nyuma ya Upanga, unaingia kwenye mikoko na kufika Salenda, daraja lililoachiwa jina la mkuu wa kazi za ujenzi wa zama za Waingereza. Mbele yake, juu ya bahari, limepita Daraja la Tanzanite lililofunguliwa 2022, na jioni familia husimama kandoni kupiga picha. Wachache hutazama chini. Mikoko imevaa plastiki hadi kiunoni.

Wavuvi wa hapa wanajua kitu ambacho mipango mingi ilichelewa kukiona. Mto hauna mahali pa kwenda bahari ikijaa. Siku za bamvua, maji ya bahari hupanda na kuusukuma mto urudi nyuma, na mvua kubwa ikikutana na bamvua, Jangwani hufurika hata kama kila mtaro wa jiji umezibuliwa. Kalenda ya bamvua inafuata mwezi mwandamo, ile ile tunayohesabia Ramadhani, na mvuvi asiyejua kusoma anaweza kukutajia siku zake za mwaka mzima. Mwenyekiti mmoja wa mtaa wa bondeni alitueleza kwamba ameanza kuibandika kalenda hiyo mlangoni mwa ofisi yake, karibu na tangazo la hali ya hewa.

Siku tuliyofika ilikuwa tarehe kumi na tano ya mwezi wa Kiislamu. Mara baada ya swala ya Alasiri bahari ilikuwa inajaa, na chupa zilizokwisha kufika mlangoni mwa maji zilikuwa zinapita tena chini ya daraja, zikirudi kuelekea Jangwani.